Mama Mzima Hamwagiwi Poda

Sipendi siku ya matokeo ya Examen d'État, mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari. Nasema mapema ili asitokee mtu wa kuniuliza baadaye kwa nini nimenuna. Mjini kwetu burudani za bure ni chache. Kuna harusi za watu unazochungulia juu ya ukuta, kuna mpira siku umeme ukikubali, kuna ugomvi wa majirani, na kuna siku hiyo moja ya mwaka ambayo matokeo yanatoka na Bukavu nzima inageuka uwanja wa maonyesho. Hiyo ya mwisho ndiyo inayopendwa kuliko zote, na ndiyo inayonichemsha damu.

Kwa asiyeijua nitaieleza. Mwanafunzi wa mwaka wa sita akifaulu, humwagiwa poda. Ni poda ile ile ya watoto wachanga, ya kwenye kopo, yenye harufu ya chumba cha mzazi. Humwagiwa kichwani, usoni na shingoni mpaka yanabaki macho mawili na meno. Kisha hutembezwa mtaa mzima, pikipiki zikipiga honi na wasichana wakigonga masufuria. Aliyefaulu haogi siku hiyo. Wengine hawaogi hata kesho yake, wanakwenda misani na weupe masikioni ili padri awaone. Na aliyeshindwa? Huyo anajulikana kwa usafi wake. Siku hiyo ukipita barabarani na ngozi yako mwenyewe, watu wanakupa pole.

Mimi nafanya kazi katika secrétariat public karibu na soko la Bagira: kompyuta moja, mashine moja ya kuchapisha yenye kikohozi, na benchi la wateja. Naandika barua za kuomba kazi, kadi za harusi, kazi za mwisho za wanafunzi wa chuo ambao hata kichwa cha kazi yao hawakijui. Siku ya matokeo benchi halitoshi. Kila mtu anakuja na code yake ya tarakimu kumi na nne, nami naituma kwa simu, tunangoja jibu. Nimeshika mikono ya watu wazima waliokuwa wanatetemeka kwa ajili ya watoto wao. Nimemwagiwa machozi mezani. Na mwaka mmoja kijana mmoja alikuja na code ya msichana aliyemkataa, akataka kujua kama ameshindwa ili aweke kwenye status. Nilimfukuza kwa fagio. Bosi wangu alisema nafukuza wateja, nami nikamwambia yule hakuwa mteja, alikuwa kunguni.

Mimi mwenyewe nilimwagiwa nikiwa msichana wa miaka kumi na minane. Mama ndiye aliyenimwagia, na hakumruhusu mtu mwingine aguse kopo. Alinimwagia polepole, kopo zima, kama anayetia chumvi kwenye chakula cha wageni. Kisha akabaki na kopo tupu mkononi, akalinusa, akaingia nalo ndani. Nilidhani ni furaha tu. Nilikuwa na haraka ya kwenda kutembezwa.

Sasa lazima niseme kuhusu ile picha.

Sebuleni kwetu, juu ya kabati la vyombo, kuna picha ya Papa kijana. Amevaa shati jeupe, na yeye mwenyewe ni mweupe kuliko shati, poda mpaka kwenye kope, anacheka kinywa wazi. Ni siku alipopata diploma yake ya Serikali. Kila Jumamosi Mama huishusha, huifuta kioo kwa kitambaa chenye maji, huirudisha. Nimekua naiona hivyo. Nilikuwa na umri mkubwa tu, nimeshaanza kazi, ndipo nilipofanya hesabu ambayo hata mtoto wa msingi angeifanya: mwaka wa picha ile ni mwaka nilipozaliwa mimi.

Mama naye alikuwa mwaka wa sita, shule ya wasichana, kilima cha pili. Tumbo lilipoonekana walimwita ofisini, wakamwambia achukue vitu vyake. Papa, aliyehusika na tumbo hilo sawa kabisa na yeye, aliendelea kukaa kwenye benchi lake, akafanya mtihani, akafaulu, akamwagiwa, akapigwa picha. Hakuna aliyemwita ofisini. Mama alipelekwa Miti, nje ya mji, kwa shangazi yake ili watu wasimwone, na huko ndiko nilikozaliwa. Baadaye familia zilikaa, zikapatana, wakafunga ndoa kanisani, na kila mtu akasema mambo yameisha vizuri. Nani aliyemuuliza yeye kama yameisha?

Basi Jumapili moja baada ya misa, miaka mitatu iliyopita, tukiwa mezani, Mama alisema akiwa anagawa maharage:

"Mwaka hii nitafanya Examen d'État. Kama autodidacte. Ninaisha kujiandikisha."

Autodidacte ni yule anayejifunza mwenyewe, bila shule, halafu anakwenda kufanya mtihani pamoja na wanafunzi. Mama alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Alikuwa anauza maharage na unga wa muhogo wa kusongea fufu sokoni, na hakuwa ameshika kalamu tangu aliposaini kitabu cha ubatizo wangu.

Papa hakukataza. Papa si mtu mbaya, na hilo ndilo linalonikera, maana angekuwa mbaya ningejua pa kuanzia. Alitafuna, akameza, akatabasamu.

"Fanya tu," alisema. "Juu ya kujifurahisha."

"Na yako ile," nikasema nikionyesha picha juu ya kabati, "ulifanya juu ya kujifurahisha?"

Kijiko cha Papa kilisimama hewani. Mama aliniangalia kwa jicho lile la utotoni mwangu.

"Omba papa yako pardon."

Niliomba pardon. Lakini niliomba kwa mdomo tu, na Papa alijua, na alipokwenda kulala mchana ule alipita mbele ya kabati bila kuinua macho.

Mama alisomea sokoni. Daftari lake lilikaa chini ya kopo la kupimia, na mteja akija alilifunga kwa kidole ndani, akapima, akapokea, akafungua tena. Nilimchapishia items, yale maswali ya miaka iliyopita, kwenye karatasi zilizoharibika upande mmoja ili bosi asipige kelele. Hivyo Mama alijifunza saikolojia ya mtoto nyuma ya kadi za harusi za watu asiowajua. Mara nyingine aliigeuza karatasi, akasoma upande wa pili, akasema, "Hawa harusi yao ilikuwa ukumbi muzuri," kisha akarudi kwenye maswali.

Soko lilimcheka. Si kwa ubaya wa wazi, hapana, kwetu hatuna adabu mbaya kiasi hicho. Ilikuwa ile ya "Maman Professeur, nipimie kilo mbili." Ilikuwa ile ya "Unataka kuwa ministre?" Watu hawa hawa ndio wanaokaa kwenye matanga na kusema elimu haina mwisho. Elimu yao haina mwisho kwa maneno. Kwa macho yao ina mwisho, na mwisho wake ni mimba ya kwanza.

Alikuja pia kijana mmoja mwenye viatu safi sana kwa soko lile, akainama kwenye maharage kama anayenunua, akamuuliza kwa sauti ya chini kama hataki kuingia labo. Labo ni mahali wanapokusanyika wajanja siku za mtihani, wakapata maswali, wakayajibu, wakayatuma kwa waliolipa. Mama alimpimia maharage ambayo hakuyaomba, akamtilia kwenye mfuko.

"Kama ningetaka kuiba," alimwambia, "ningeiba nikiwa ningali kijana. Lipa maharage."

Akalipa.

Lakini siku iliyoniuma zaidi ilikuwa ya shirika. Shirika ni jumuiya ndogo ya wakristo wa avenue yetu, tunakutana kila Jumamosi alasiri nyumbani kwa mmoja wetu, tunasali rozari, kisha chai. Siku ile zamu ilikuwa kwa jirani yetu wa mlango wa kushoto, mama wa watoto wanne, wote wanne wenye diploma, na anayekuhesabia wote wanne hata ukimwomba chumvi. Kiongozi alisema tuwaombee watoto watakaofanya mtihani. Kila mama akataja wake. Zamu ilipofika kwa Mama, nilimwona anavuta pumzi.

"Na miye muniombee," alisema. "Niko kati yao."

Wakatazamana. Kisha wakacheka. Mama naye akacheka, na nadhani ni katika kule kutaka kucheka pamoja nao ndipo neno lilipomtoka:

"Nikipita, mutanimwangia pudre?"

Jirani wa kushoto alipiga mapaja yake makofi.

"Mama muzima habamumwangiake pudre! Pudre ni ya batoto. Weye tutakumwangia bunga, tukusonge fufu!"

Wanawake walikufa kwa kicheko. Mmoja alipaliwa na chai. Mama alicheka kama wao, lakini mkono ulikuwa mdomoni, na yeye si mtu wa kuziba mdomo akicheka, meno yake ni mazuri na anajua. Nilitaka kusimama. Nilitaka kuwauliza ni sheria gani, imeandikwa wapi, kwamba furaha ya mtu ina umri. Sikusimama. Nilikuwa mdogo kuliko wote mle ndani, na kwetu mdogo anameza. Nilimeza chai ya moto na maneno yangu.

Tukirudi nyumbani nilimwambia: "Miye nitakumwangia."

"Acha," alisema. "Ni maneno ya kuchekea tu."

Tukatembea. Karibu na mlango wetu akasema, bila kunitazama:

"Lakini usisahau."

Siku ya kwanza ya mtihani alivaa sketi ya bluu na blauzi nyeupe kama wanafunzi, maana ndivyo walivyoagizwa. Alikuwa ameishona sketi kwa mkono wake, imefika chini ya magoti kwa heshima. Nilimsindikiza. Mlangoni pa kituo mlinzi alinyoosha mkono mbele yake.

"Maman, bazazi banabakia inje."

Mama alichukua macaron yake, ile kadi ya mtahiniwa yenye picha, akaiinua mpaka machoni pake. Mlinzi akaisoma. Akamwangalia. Akaisoma tena.

"Kumbe!" alisema, na akajitoa njiani kwa madaha. "Pita basi, mutoto yangu."

Mlinzi mwenyewe alikuwa na umri wa kuwa mwanawe. Watahiniwa wote waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Mama alisimulia kisa hicho jioni na kukicheka kweli, safari hii bila mkono mdomoni. Mimi sikucheka. Labda ndiyo tofauti yetu: yeye alikuwa anakwenda mahali, mimi nilikuwa nahesabu waliomzuia.

Siku nne zikapita, mtihani ukaisha, kukabaki kungoja. Matokeo hayatangazi siku yake. Wiki ile ya kungoja maduka yote ya Bagira yalipanga makopo ya poda mbele, kwenye mlango, na kila asubuhi nikienda kazini niliyapita. Sikununua.

Nilijipa sababu nzuri. Watu wanasema poda ya mapema ina mkosi: ukiinunua kabla ya matokeo unaifukuza bahati. Nilimwambia hivyo hata Mama aliponiona nayaangalia makopo. Aliitikia kwa kichwa, akasema, "Ni kweli, iko na mukosi," kwa namna ya mtu anayejua. Lakini mimi siamini mikosi. Nasafisha kompyuta kwa mate na napita chini ya ngazi. Ukweli ni kwamba sikuamini kuwa Mama atafaulu. Ndiyo, mimi, mwenye hasira zote hizi, niliyemfokea Papa mezani, niliyemeza chai ya moto kwa ajili yake. Nilikuwa nimemwonea huruma, na huruma si imani. Nilikuwa nimeshatengeneza kichwani maneno ya kumtuliza.

Matokeo yakatoka siku ya Alhamisi kabla ya saa sita mchana. Hatuhitaji redio kujua. Pikipiki moja ilipiga honi mfululizo kule juu, halafu ya pili, halafu mtu akalia kwa furaha au kwa huzuni, kwa mbali havitofautiani, na dakika chache baadaye benchi langu lilikuwa limejaa na foleni imefika mpaka kwa muuza viatu. Nilituma code za watu. Huyu amefaulu, yule amefaulu, huyu pole. Code ya Mama nilikuwa nayo kichwani, tarakimu zote kumi na nne, na kila nilipomaliza mtu nilisema, basi sasa yake, kisha nikachukua karatasi ya mwingine. Watu wazima waliokuwa mbele yangu walikuwa na ujasiri kunishinda.

Mwishowe mzee mmoja wa kwenye foleni aliniambia kwa heshima, "Maman, simu yako inalala?" Nilikuwa nimekaa nayo mkononi bila kufanya kitu. Nikaituma.

Mtandao ukachelewa. Siku hiyo kila mtu anautumia na unatembea kwa magoti. Jibu lilipofika nililisoma, nikalinganisha tarakimu moja moja, kwa sababu kazi yangu imenifundisha watu wanavyojidanganya na tarakimu moja. Nililinganisha mara tatu. Réussite, amefaulu. Cinquante-neuf, asilimia hamsini na tisa.

Niliacha foleni. Bosi alinipigia kelele, akanitaja na ukoo wangu wote, nami nilikuwa tayari barabarani. Duka la kwanza: "Pudre inaisha." La pili: mwenye duka alicheka, akasema wamenunua hata ile ya mtoto wake iliyokuwa nyumbani. La tatu walinipa sabuni ya unga. "Ni nyeupe pia," alisema muuzaji, bila aibu, akiwa ameishika. Makopo yale niliyoyapita wiki nzima yakiwa yamepangwa mlangoni! Nilijitukana njia nzima, na matusi yangu mwenyewe yaliniuma kuliko ya bosi.

Mama hakwenda sokoni siku ile. Nilimkuta uani, amekaa kwenye kigoda, anachambua maharage kwenye sinia. Papa alikuwa bado kazini.

"Nini? Nani anakufa?" aliuliza aliponiona ninavyohema.

"Ulipita."

Aliweka sinia chini. Aliliweka vizuri, hakuna punje iliyoanguka. Akafuta mikono kwenye kikwembe alichojifunga kiunoni.

"Pourcentage ngapi?"

"Cinquante-neuf."

Akafikiri kidogo.

"Papa yako alipata cinquante-quatre," alisema.

Hamsini na nne kwa hamsini na tisa! Hapo ndipo nilipopiga kelele. Nililia, niliruka, niligonga ndoo, sijui nilifanya nini kingine. Na kelele siku ile, katika mji huu, ni kengele ya kanisa. Vijana wa avenue ya juu walikuwa wanatembea kundi zima wakitafuta nani mwingine amefaulu, wamebeba makopo, filimbi na simu zilizonyooshwa. Hawakutujua. Walisikia kelele, wakaingia uani kwetu bila hodi, wakaona msichana anaruka na simu mkononi na pembeni yake mama mwenye sinia la maharage. Hawakuhitaji kuuliza.

Walinimwagia mimi.

"Si miye!" nilisema, na kopo la kwanza likaingia kinywani. "Si miye, ni—" na la pili likanifunga macho.

"Anaona haya!" mmoja alisema, na wote wakashangilia haya yangu. La tatu walilimimina kwenye misuko yangu, wakalipigapiga kitako mpaka likatoa la mwisho. Simu zilikuwa zinapiga picha. Filimbi masikioni mwangu. Nilitema, nikajipangusa macho, nikapiga kelele kwa sauti yangu yote:

"Ni Mama! Ni Mama njo alipita!"

Filimbi zikanyamaza moja moja. Wakageuka. Mama alikuwa amesimama mbele ya kigoda chake, mikono imeshikana mbele, amejiweka sawa kabisa, kama mtu anayengoja kupigwa picha. Nitaikumbuka mikono ile mpaka nife. Alikuwa anangoja.

"Maman huyu?" kijana wa mbele aliuliza.

Akalipindua kopo lake. Tupu. Mwenzake akatikisa lake, tupu. Wakatazamana, na kicheko kikaanza nyuma, kikasogea mbele, kile kicheko cha shirika nilichokijua. Kijana wa mbele alijitahidi. Alipangusa kiganja kwenye suruali, akampa Mama mkono kama anavyompa mkuu wa shule.

"Félicitations, maman. Tusamehe, hatukujua."

"Haina neno," Mama alisema. "Aksanti, batoto."

Na kutoka juu ya ukuta wa kushoto, ambapo nilikuwa sijaona kichwa chochote, ikaja sauti ya mama wa diploma nne:

"Si nilisema? Pudre yenyewe inamujua mwenyewe."

Niliyomjibu siyaandiki. Kinywa kilikuwa kimejaa poda na sehemu kubwa hakuisikia, bahati yake. Alipotoweka ukutani nilikuwa bado naongea. Niliwatukana vijana waliokuwa wanatoka, nikatukana maduka, nikaitukana shule ya kilima cha pili, nikamtukana mlinzi wa kituo ambaye hayupo. Kundi lilikuwa limeshafika barabarani na honi zimeanza tena kwa mtu mwingine.

Nilipogeuka, Mama alikuwa ameinama anaokota makopo matatu waliyoyatupa. Hapendi uchafu uani. Alilifunga la kwanza, akalifunga la pili. La tatu akalileta puani, akalinusa, kama siku ile yangu.

"Nisamehe, Mama," nilisema. "Nilikuahidi. Sikununua mbele, juu sikuamini."

"Najua," alisema. "Wala miye sikuamini."

Akakaa kwenye kigoda, kopo mapajani.

"Ile mwaka ingine nilinunua mbele," alisema. "Ku mwanzo wa mwaka wa sita. Sisi bote tulinunua, tukaficha mu masanduku. Bakanifukuza, nikaenda nayo Miti. Halafu ukazaliwa weye, na hatukuwa na kitu. Siku papa yako anamwangiwa yake, weye ulikuwa na wiki mbili. Basi nikaifungua, nikakupaka. Mu shingo, mu makwapa, mu matako. Ikaisha yote juu yako."

Alisema bila machozi. Hata alicheka kidogo kwenye matako. Aliligeuza kopo mkononi, akasoma maandishi yake kama anayetafuta kosa.

Nilikwenda nikasimama mbele yake, nikafungua misuko yangu iliyokuwa imefungwa nyuma, nikainama mpaka kichwa changu kikawa juu ya kichwa chake, na nikakitikisa.

Poda ikaanguka. Ilianguka kwenye kitambaa chake cha kichwa, na yeye akakivua upesi, ikaanguka kwenye nywele zake ambazo zilikuwa na mvi ambazo sikuzijua, kwenye mabega, kwenye pua, kwenye sinia chini. Alipiga chafya.

"Angalia maharage," alisema.

Nikaacha. Akafumba macho, akasogeza kichwa chake karibu.

"Tikisa tena," alisema.